Watu wa Jukwaa Katika Barza Moja: Kuna Heri Gani?

MWALIMU WA MAIGIZO: Mimi nasema, wala sitaona haya kulisema mbele ya wakubwa zangu, kwamba ufukara wa watu wa jukwaa katika pwani hii na bara yake haukuletwa na uchache wa vipaji wala na ubahili wa watazamaji, bali umeletwa na tabia yetu ya kukutana kila mtu na wenziwe wa fani yake, wapiga ala barazani kwao, wacheza ngoma uwanjani kwao, waigizaji katika ukumbi wa chuo, ilhali mwenye ukumbi, mwenye kutoza kodi na mwenye kutoa kibali tunaoshughulika nao ni wale wale. Naomba tuwe na kongamano moja kila mwaka, la siku tatu, la wote wanaokula kwa jasho la jukwaa.

MPIGA KANUNI: Mwanangu Mwalimu, maneno yako ni matamu, na mtu asiyepata kuhudhuria makongamano angeyakubali kabla hujayamaliza. Mimi nimehudhuria. Chama cha taarabu cha Ikhwani Safaa kiliasisiwa hapa Unguja mwaka 1905, na cha Culture mwaka 1958, na vyama hivyo havikupata umri huo kwa kumfungulia mlango kila apitaye, bali kwa kuwa waliokaa ndani yake walikuwa watu wa elimu moja, hata aliyekosea akakosolewa na mtu ajuaye kosa liko wapi. Mimi nikikosea maqamu mbele ya mcheza sarakasi, nani ataniambia? Yeye atanipigia makofi, nami nitarejea nyumbani nimefurahi na nimeharibika. Na kama tulivyopokea kwa waliotutangulia, Sayyid Barghash alipotaka ala ya kanuni ijulikane Unguja hakuitisha mkutano; alimpeleka mtu mmoja Misri, akajifunza, akarudi.

MWALIMU WA MAIGIZO: Mzee wangu, wewe umeeleza madrasa, nami nazungumzia soko na mahakama. Chama chako hukufunza kupiga, kudai hakikufunzi. Mwaka 1961 mawakili wa mataifa walipokutana Roma kuandika mapatano ya kuwalinda watendaji wa sanaa, waliwataja katika sentensi moja waigizaji, waimbaji, wanamuziki na wachezaji. Yaani mawakili wale, ambao yamkini wengi wao hawakusimama jukwaani hata siku moja, walituona sisi kuwa kaumu moja, na sisi wenyewe hatujajiona hivyo mpaka leo. Kisha tazama yaliyofuata. Mwaka 1996 uliandikwa mkataba mpya huko Geneva, na haki zilizoongezwa zikawa za utendaji unaorekodiwa kwa sauti, ikawa heri kwa watu wa santuri na kanda. Mwigizaji, ambaye kazi yake hurekodiwa kwa picha, akaambiwa angoje. Alingoja hadi mwaka 2012, ulipoandikwa mkataba wa Beijing, na mkataba huo nao haukuanza kutumika mpaka mwaka 2020. Je, lau tungalikuwa na kauli moja, wenzetu wangaliachwa nje ya mlango muda huo wote?

MPIGA KANUNI: Ndiyo, wangaliachwa, na insafu yataka useme kwa nini. Waigizaji hawakucheleweshwa na wapiga ala. Walicheleweshwa na ubishi wa Marekani na nchi za Ulaya juu ya nani awe mmiliki wa haki za mwigizaji filamu ikishamalizika, yeye au mwenye mtaji wake, na mkutano ulioitishwa mwaka 2000 ulivunjika kwa ubishi huo huo. Hapo hata kama manju wote, waghani wote na wapiga marimba wote wa dunia wangalisimama mlangoni wakiwa wameshikana mikono, jambo lisingalisogea. Usinitwishe mzigo wa matajiri wa filamu.

MANJU WA NGOMA: Na mimi niliyesimama baina yenu, nimo wapi? Mmeyataja mapatano ya Roma kana kwamba yalinikumbatia. Yalimlinda mchezaji, ndiyo, lakini mchezaji wa kazi ya fasihi au ya sanaa, na wenye sheria walipoiangalia ngoma yangu hawakuona kazi ya namna hiyo, kwa sababu hawakuona mtunzi aliyeandikwa jina. Ni mali ya mababu, na mababu hawatii sahihi. Neno la sanaa za jadi liliingizwa katika huo mkataba wa mwaka 1996, ambao Mwalimu ausikitikia. Kwa hiyo miaka 35 yote mpiga ala wa mjini alikuwa mtendaji wa sanaa, nami nilikuwa mandhari ya kupendeza ya kupokelea wageni uwanja wa ndege.

MPIGA KANUNI: Haya wewe umeyasoma wapi?

MANJU WA NGOMA: Sikuyasoma, mzee. Niliyasikia katika kongamano la namna hii hii ninayoitilia shaka, yakisemwa na mwanamke mmoja mwanasheria aliyekaa karibu nami wakati wa chai.

(Insafu nayo yataka msomaji ajue kwamba hapa Mwalimu alitaka kusema neno, akajizuia, na kwa mtu wa maigizo kujizuia penye nafasi kama ile ni adabu kubwa.)

MANJU WA NGOMA: Lakini Mwalimu asifurahi mapema. Mimi nayajua makubwa ya kuchanganywa. Katika miaka ya 1980 na 1990, Dar es Salaam, vikundi kama Muungano, na baadaye TOT iliyoanza mwaka 1992, vilikuwa vikimpa mtu kwa tikiti moja ngoma, sarakasi, vichekesho, maigizo na taarabu, usiku mmoja, ukumbi mmoja. Hilo ndilo kongamano lenu, tena la kila wiki, na wenye kuhudhuria walilipa. Likaisha vipi? Taarabu ya mipasho ikaota mbawa, ushindani wa vikundi ukawa ni nani ampashe nani, na ngoma ikasogezwa ikawa ya kufungulia mlango, ikichezwa watu bado wanatafuta viti na kuagiza vinywaji. Hakuna aliyetufukuza, na hakuna aliyepiga kura tupunguziwe. Palipo wengi chini ya paa moja, mwenye sauti kubwa hupata nafasi kubwa, na huo ndio udhia ninaouona katika kila mkutano wa fani mbalimbali: mwenye kanda, mwenye picha gazetini na mwenye Kiingereza hukaa mbele, nasi tunaitwa jioni, baada ya hotuba, tuje tuwachangamshe.

MPIGA KANUNI: Na mipasho hiyo uliyoitaja, usidhani kwamba sisi wa taarabu ya zamani ilitufurahisha. Nasi pia ilitula.

MWALIMU WA MAIGIZO: Basi nyote wawili mlikuwa na kilio kimoja, na hamkujua kwa kuwa hamkukutana. Tena mnazungumza kana kwamba fani hizi ziliumbwa mbalimbali, ilhali kutenganishwa ndiko kulikoletwa. Ebrahim Hussein aliyeandika Kinjeketile, iliyochapwa mwaka 1969, miaka michache baadaye aliandika Jogoo Kijijini na Ngao ya Jadi, na hizo akazijenga juu ya usimulizi wa masimulizi yetu, mtu mmoja akibeba hadithi nzima kwa sauti na mwili wake. Penina Muhando naye katika Lina Ubani akamweka msimulizi jukwaani kati ya waigizaji. Na Bi Kidude, mzee wangu, je, alikuwa wa fani gani? Alipiga ngoma ya unyago, akaimba taarabu, na mwaka 2005 akatunukiwa na Womex, mkutano mkubwa wa watu wa muziki wa dunia.

MPIGA KANUNI: Umenipa silaha mwenyewe. Womex ni mkutano wa watu wa muziki, si wa mchanganyiko. Na marehemu Bi Kidude fani zile mbili zilikutana kifuani mwake, baada ya kuishi nazo aushi nzima. Hazikukutanishwa na kamati. Mimi sikatai fani kuonana. Nakataa zionane kwa ratiba.

MWALIMU WA MAIGIZO: Ratiba ina kosa gani?

MPIGA KANUNI: Nitakueleza, na unistahimilie, maana hapa ndipo nilipoumia. Kanuni yangu ina nyuzi 78, tatu tatu kwa kila sauti, na zile tatu sharti ziwe kitu kimoja, la sivyo mtu husikia mnong'ono mchafu nyuma ya kila mdundo. Hewa yetu ni ya bahari. Nikiitoa ala chumbani nikaileta ukumbini penye feni na watu mia mbili, kufumba na kufumbua nyuzi zimelegea upande mmoja na kukaza upande wa pili, na kuzilinganisha upya ni kazi ya saa nzima, katika kimya. Nilialikwa mahali fulani, sitapataja, kuwapigia watu wa fani zote, wakiwamo wageni wanunuzi wa maonyesho kutoka ng'ambo. Nikapewa dakika 20. Dakika 20 zenyewe zikafuata kundi la ngoma lililopiga kwa nguvu zote, na bila shaka lilipiga vizuri, na baina ya wao kushuka na mimi kupanda zikawekwa dakika 5. Niliomba niongezewe, nikaambiwa na kijana mwenye karatasi mkononi kwamba tukimchelewesha mmoja tunawachelewesha wote. Nikapanda na ala isiyolingana. Sikupata kuona haya jukwaani tangu utoto wangu kama siku ile, na la kuniongezea machungu ni kwamba hakuna aliyegundua. Walisimama, wakashangilia. Hapo ndipo nilipofahamu maana ya kupiga mbele ya watu wasio wa fani yako.

MANJU WA NGOMA: Mzee, hilo kundi la ngoma unalolisema, nadhani lilikuwa letu, nalo lilidhulumiwa. Unajua ngoma ya ngozi nayo hulinganishwa? Haina vigingi vya kukaza kama kanuni. Hulinganishwa kwa moto. Tunawasha majani makavu au makaa, tunaisogeza ngozi, tunaisikiliza kwa kidole, tunaigeuza, mpaka msondo useme sauti yake na vipande vidogo viseme zake. Ikipoa, imekufa. Tulipofika kule tukaambiwa moto hauwashwi, tukapiga ngozi zilizolala, na kilichobaki ni kupiga kwa nguvu ili kuficha. Zile nguvu ulizozisikia ndizo aibu yetu. Na ngoma yenyewe si ya dakika 20. Ni ya usiku kucha, ina mahali pa kupoa, pa kutaniana, na pa wazee kuingia uwanjani kukicha. Ukikata kipande cha katikati ukakipeleka jukwaani, umepeleka paja ukasema umeleta ng'ombe.

MPIGA KANUNI: Sikujua kwamba nanyi hulinganisha.

MWALIMU WA MAIGIZO: Na kama msingalikuwa katika barza hii, mngalijuana lini? Lakini nakubali, na ni haki nikubali, kwamba mkutano uliogeuka kuwa soko huleta maafa hayo. Abidjan wana soko la sanaa za maonyesho la Afrika tangu mwaka 1993, muziki, maigizo na uchezaji pamoja. Uganda wana Doadoa, lililoanza mwaka 2012 kwa ajili ya Afrika Mashariki, na jina lake wamelitoa katika Kiswahili chetu. Huko mnunuzi huja na shajara yake, ana siku tatu na makundi mengi ya kutazama, ndipo zinapopatikana hizo dakika 20. Lakini kuna watu waliopata safari na riziki kwa dakika 20, na msanii asiyeonekana na mnunuzi yeyote hubakia na heshima tupu nyumbani.

MPIGA KANUNI: Heshima tupu ni bora kuliko riziki iliyopatikana kwa ala isiyolingana.

MWALIMU WA MAIGIZO: Asemaye hivyo, mzee wangu, na unisamehe, aghalabu ana pensheni.

MPIGA KANUNI: Sina pensheni. Nina duka dogo la vitambaa.

MANJU WA NGOMA: Nami nina shamba. Mwalimu peke yake ndiye mwenye mshahara hapa, na ndiye aliyeleta wazo la kukutana siku tatu. Siku tatu za mwenye mshahara si sawa na siku tatu za mwenye shamba wakati wa palizi. Na nani atalipa nauli? Tukilipiwa na mfadhili, mfadhili ataleta na mada. Mwaka huu tutazungumzia lile analotaka yeye, na mwakani lingine, na ile ya ukumbi, kibali na malipo haitafikiwa mpaka saa ya kufunga.

MWALIMU WA MAIGIZO: Basi tuchange wenyewe, hata kama ni kidogo. Babu zetu wa beni walichangishana, na nani aliwafadhili? Vyama vyao vya Marini na Arinoti vilikuwa na matawi mji hata mji, mgeni akipokewa na wenziwe asiowajua. Na ndani ya chama kimoja mlikuwa na mpiga tarumbeta, mwenye kuongoza gwaride, mtunzi wa nyimbo na mwenye kushona sare. Hawakuulizana fani. Ni beni ile ile iliyojulikana kutoka Lamu na Mombasa mpaka ndani ya bara.

MANJU WA NGOMA: Lakini waliungana ili washindane! Marini alikuwa na Arinoti wa kumshinda. Wewe wataka tuungane tumshinde nani?

(Suala hili halikujibiwa, na mwandishi anakiri kwamba yeye pia hana jibu lake.)

MPIGA KANUNI: Nami niongeze jambo moja la serikali, maana Mwalimu anapenda mifano ya kuunganisha. Bara walikuwa na Baraza la Muziki la Taifa na Baraza la Sanaa la Taifa, yote mawili ya mwaka 1974. Mwaka 1984 yakavunjwa yakawa baraza moja, BASATA. Vizuri. Kisha chini ya baraza hilo moja yakazaliwa mashirikisho manne, la muziki, la sanaa za maonyesho, la sanaa za ufundi na la filamu. Kwa nini? Kwa sababu kila watu walirudia kuwataka watu wao. Na ukivuka bahari kwa boti ya saa mbili unakuta Zanzibar ina baraza lake na sheria yake ya hakimiliki.

MWALIMU WA MAIGIZO: Nami naisoma hadithi hiyo kinyume chako. Mashirikisho manne yasiyo na mahali pa kuonana ndiyo sababu ya mimi kuomba mahali. Na hiyo bahari uliyoitaja ni sababu ya pili. Tazama Chuo cha Sanaa Bagamoyo: vikundi vya taifa vya ngoma, sarakasi na maigizo vilivunjwa, chuo kikaanzishwa mwaka 1981, na hao waliokuwa mbalimbali wakawa walimu chini ya mnazi mmoja, na mwanafunzi wa maigizo akalazimika kujifunza ngoma.

MANJU WA NGOMA: Akajifunza kwa kuhesabu, moja, mbili, tatu, nne. Kwetu hatuhesabu.

FUNDI TAA: Naomba nami niseme, kwani nimekaa hapa tangu mwanzo na sijasikia mtu akinitaja, si nyinyi, wala hao mawakili wa Roma, ambao waliorodhesha waigizaji, waimbaji, wanamuziki na wachezaji, wakamsahau yule ambaye asipokuwako hakuna aonekanaye. Mwalimu anataka giza totoro kabla ya onyesho la kwanza. Mzee anataka mashine ya umeme izimwe kwa kuwa mlio wake unaingia katika nyuzi. Manju anataka sakafu isiwe na waya hata mmoja, kwani wachezaji wake hawana viatu, na katika hili ana haki, maana nimeshuhudia mtu akikanyaga waya uliochubuka. Matakwa yote matatu huletwa kwangu siku moja, saa moja, na watu watatu wasiozungumza wao kwa wao, kila mmoja akiamini kwamba mimi ni mtumishi wake peke yake. Mimi ndiye kongamano lenu. Hufanyika kichwani mwangu, kila usiku, na silipwi kwa hilo.

MWALIMU WA MAIGIZO: Basi wewe u upande wangu.

FUNDI TAA: Siko. Makongamano yote niliyopata kuyahudhuria niliyahudhuria nikiwa nyuma ya meza ya taa. Mlipokuwa mkijadili hali ya msanii, nilikuwa nikiiwashia taa hali hiyo, na mlipokwenda kula nilikuwa nikikunja nyaya. Kongamano lako la siku tatu kwangu ni kazi ya siku tano. Mkitaka niwemo, pawepo siku moja ambayo hapana onyesho, hapana hotuba, hapana kipaza sauti. Tukae kitako katika ukumbi mtupu, kila fani ionyeshe inavyojitayarisha, si inavyoonekana. Mzee alinganishe nyuzi tutazame. Manju apashe ngozi. Mwalimu apange waigizaji wake gizani. Mimi niandike. Tukitoka hapo tuwe na karatasi moja tutakayompa kila mwenye ukumbi: muda gani kati ya kundi na kundi, umeme kiasi gani, nani alipwe lini, na fundi awe na jina.

MANJU WA NGOMA: Hiyo ya kujitayarisha nimeipenda. Lakini nani atakuja kutazama watu wakijitayarisha?

FUNDI TAA: Hakuna. Ndiyo maana itafaa.

MPIGA KANUNI: Sijasema nimekubali. Kulinganisha nyuzi mbele ya watu ni kama kuvaa mbele ya watu. Lakini nitakuja kusikiliza, kupiga sijasema. Na kama nitapiga, iwe siku ya pili asubuhi, kabla jua halijakaza, milango imefungwa, feni zimezimwa, na nipewe saa nzima.

MANJU WA NGOMA: Nami nipewe moto.

FUNDI TAA: Ndani ya ukumbi moto hauwashwi, Manju, hilo sitalibadilisha kwa karatasi yoyote. Tutautafutia mahali uani, upande usio na upepo, na mzee akitaka kusikia sauti ya ngozi ikigeuka itambidi atoke nje.